Usiku Mmoja Kinosaki: Mwongozo Kamili wa Safari Fupi ya Mji wa Maji Moto Japani

Wenyeji wa Kinosaki Onsen wana namna yao ya kumweleza mgeni mji wao. Stesheni ndiyo mlango wa mbele, barabara ni ujia, nyumba za wageni ni vyumba vya kulala, na mabafu saba ya umma ndiyo bafu la nyumba. Mji mzima ni hoteli moja. Ukishalishika hilo, mipango mingine yote inakuwa rahisi, maana unajua pesa uiweke wapi na muda uutumie wapi. Wageni wengi hukosea hapo. Wanalipia nyumba ya ghali yenye bafu la fahari ndani, wanafika giza limeingia, wanakula, wanalala, na asubuhi wanapanda treni bila kukiona walichokifuata. Wengine wanakuja kwa siku moja na kurudi Kyoto jioni, saa ileile mji unapoanza kuchangamka.

Kinosaki iko kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, ndani ya mipaka ya jiji la Toyooka, karibu na Bahari ya Japani. Mapokeo ya huko yanasema mtawa wa Kibuddha aitwaye Dochi alisali hapo siku 1,000, na mwaka 720 maji ya moto yakabubujika. Leo ni mji wa mto mdogo, mierebi, madaraja ya mawe na nyumba za mbao za ghorofa mbili tatu, na unaweza kuutembea kutoka stesheni hadi bafu la mwisho kwa dakika 20 hivi. Maelezo haya yanamfaa zaidi yule ambaye tayari yuko Japani, awe mwanafunzi, mtu wa mafunzo kazini au mfanyabiashara aliyekwenda kwenye minada ya magari na sasa ana siku mbili za kupumzika. Lakini hata anayepanga likizo kutoka Dar, Mombasa au Muscat anaweza kuyafuata.

Anza na majira, kisha siku

Tarehe ndiyo inayoamua bei kuliko kitu kingine chochote. Msimu wa kaa unaanza tarehe 6 Novemba na kwenda hadi Machi. Kaa dume wa baridi, ambaye huko humwita matsuba, huvuliwa bandari za karibu, na watu hutoka Osaka kwa ajili yake tu. Katika miezi hiyo bei ya chumba chenye chakula inaweza kuwa mara mbili ya kawaida. Kama hupendi kaa, au dini yako au tumbo lako halimruhusu, usiende kulipia sherehe isiyokuhusu. Oktoba au mwanzoni mwa Novemba kabla ya tarehe hiyo utapata baridi ya kutosha kuyafurahia maji na bei za kibinadamu.

Januari na Februari theluji huanguka, na kukaa kwenye maji ya moto nje huku theluji ikikudondokea kichwani ni jambo ambalo mtu wa pwani hatalisahau. Ila theluji hiyohiyo huchelewesha treni, kwa hiyo usipange kutoka Kinosaki asubuhi na kupanda ndege jioni ileile. Cheri huchanua kando ya mto mwanzoni mwa Aprili. Juni ni mvua. Julai na Agosti ni joto la unyevunyevu ambalo mtu wa Tanga analijua vizuri, na sijui kwa nini aende kulifuata ndani ya maji ya nyuzi 42, ingawa jioni nyingi za majira hayo huwa na fataki na vijana wanajazana.

Kuhusu siku ya wiki, ikwepe Jumamosi. Wajapani wengi husafiri Jumamosi kulala usiku mmoja, na nyumba zilezile hupandisha bei usiku huo. Kwepa pia mwanzo wa mwaka, wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na katikati ya Agosti. Jumatatu hadi Alhamisi ndiyo siku zako. Kila bafu la umma lina siku yake ya mapumziko kati ya Jumatatu na Ijumaa, kwa hiyo tazama kwanza kalenda ya mji. Ukikuta moja limefungwa si hasara, mengine yatabaki.

Visa na njia ya kufika Japani

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa. Ubalozi wa Japani uko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali na Kinshasa. Watataka ratiba ya kila siku, taarifa ya benki na mahali utakapolala, na kama kuna mwenyeji anayekualika, barua zake. Anza miezi miwili kabla. Weka nafasi ya kulala kwa masharti yanayoruhusu kughairi bila faini hadi siku chache kabla ya safari, ili visa ikichelewa usilie.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Watu wengi hupita Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa. Kama safari yako ni ya Kinosaki na Kyoto, tafuta tiketi ya kushukia Osaka, uwanja wa Kansai, badala ya Tokyo. Kutoka Tokyo ni kama saa tano au zaidi za treni na pesa nyingi zaidi.

Nyumba ya kulala

Ryokan ni nyumba ya wageni ya Kijapani: sakafu ya mikeka minene ya tatami, godoro linatandikwa chini jioni, na bei huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba. Hilo la mwisho huwashtua wengi. Ukiona bei ya yeni 20,000 na mko wawili, hesabu 40,000. Bei hiyo kwa kawaida ina chakula cha jioni na cha asubuhi ndani yake.

Sasa, kwa nini nasema usitafute bafu la fahari ndani ya nyumba? Zamani nyumba za wageni za Kinosaki hazikuwa na mabafu yake kabisa. Maji yalikuwa mali ya mji na kila mgeni alitoka kwenda kuoga nje. Mwezi Mei 1925 tetemeko la ardhi na moto vikauteketeza mji. Wakati wa kujenga upya, nyumba moja ikajichimbia maji na kufungua bafu la ndani mwaka 1927, na mji ukagawanyika. Kesi ilikaa mahakamani hadi 1950. Suluhu ikawa kwamba nyumba zinaweza kuwa na mabafu ya ndani, ila kwa ukubwa uliowekewa mpaka, na mabafu ya umma yaendelee kuwa moyo wa mji. Mpaka leo bafu la ndani la nyumba nyingi ni dogo. Tena maji yanakusanywa pamoja na kugawiwa kwa mabomba, hivyo ya nyumba ya bei kubwa hayana ubora unaoyazidi ya jirani yake.

Kwa hiyo tazama mambo mengine. Kwanza, mahali. Nyumba iliyo kati ya stesheni na bafu la Ichino-yu inakuweka katikati ya kila kitu. Pili, chakula: kuna bei yenye milo miwili, bei yenye kifungua kinywa tu, na bei ya kulala tu, ambayo Wajapani huiita sudomari. Tatu, kama unataka faragha ya kuoga, uliza kama wana bafu la kukodi kwa saa, kashikiri. Nne, saa za kufika. Kwa kawaida chumba hufunguliwa saa tisa alasiri, na aliyelipia chakula cha jioni lazima awe amefika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mpishi anaandaa vyombo kwa ajili yako peke yako, na kuchelewa bila kupiga simu ni utovu wa adabu ambao hata tabasamu la Kijapani halitauficha.

Faida kubwa ya kulala ni hii: kila mgeni aliyelala katika nyumba ya wageni ya mji hupewa pasi ya kuingia mabafu yote ya umma yaliyo wazi bure, mara nyingi atakavyo. Asiyelala hulipa karibu yeni 800 hadi 900 kwa kila bafu, au kama 1,500 kwa tiketi ya siku nzima. Siku ya kuweka nafasi, uliza pasi yako inaanza kufanya kazi saa ngapi na inaisha saa ngapi siku ya kuondoka, kwani ratiba yako yote itasimama juu ya jibu hilo.

Chakula, hasa kwa Mwislamu na asiyekula nyama

Chakula cha jioni cha ryokan ni vijisahani kumi au zaidi, vinavyoletwa kwa mpangilio: samaki mbichi, mboga za msimu, kitu cha kukaanga, kitu cha kuchemsha mezani, wali mwishoni. Nyama ya sifa huko ni ya ng'ombe wa Tajima, ukoo uleule unaotoa nyama maarufu ya Kobe. Ni kizuri, lakini menyu haibadiliki ukishakaa mezani. Matakwa yako yanatakiwa kuandikwa unapoweka nafasi na kukumbushwa siku kadhaa kabla.

Nguruwe ni rahisi kuepuka, Kinosaki ni mji wa samaki. Tatizo ni pombe iliyofichika. Mchuzi mwingi hutiwa mirin, divai tamu ya mchele, au sake. Ukiandika tu kwamba hunywi pombe, hawataelewa kwamba unamaanisha hata ya kupikia. Andika hivi: *Butaniku, niku, osake, mirin nashi de onegai shimasu*, yaani bila nguruwe, bila nyama, bila sake wala mirin tafadhali. Baadhi ya nyumba zitakujibu kwa upole kwamba haziwezi. Usikasirike, jibu hilo la wazi ni bora kuliko "hakuna shida" ya uongo. Hapo chukua bei ya kulala tu. Ushauri wangu kwa Mwislamu anayechunga sana ni huo tangu mwanzo: lala bila chakula, beba tende, mkate na vitu vyako kutoka Kyoto au Osaka, ambako migahawa ya halali ipo, na mjini nunua mayai na matunda. Karibu na kituo cha gari la waya kuna mahali unaponunua mayai mabichi kwenye kijifuko cha wavu na kuyachemsha mwenyewe kwenye maji ya chemchemi kwa dakika kumi hivi. Kuhusu kaa, kila mtu na mwanachuoni wake.

Anayelala bila chakula akumbuke pia kwamba migahawa mingi hufunga mapema. Kufikia saa mbili usiku unaweza kubaki na duka dogo la bidhaa peke yake.

Treni

Kuna treni tatu za haraka za kujua. Iitwayo Kinosaki hutoka Kyoto na huchukua kama saa mbili na nusu. Iitwayo Kounotori hutoka Shin-Osaka kupitia Osaka, ikikaribia saa tatu. Hamakaze hutoka Osaka kupitia Himeji, nayo ni nzuri kwa anayetaka kuiona ngome ya Himeji njiani. Treni za haraka hulipiwa tiketi mbili, ya nauli na ya mwendo wa haraka yenye namba ya kiti. Kutoka Kyoto jumla ni karibu yeni 5,000 kwa upande mmoja. Nunua zote mbili dirishani, na kwa msimu wa kaa nunua mapema.

Tahadhari moja: baadhi ya treni za jina la Kinosaki zinaishia Fukuchiyama, njiani kabisa. Si msiba, unavuka jukwaa na kupanda Kounotori, lakini soma tiketi yako kabla ya kusinzia. Kama utazunguka Osaka, Kyoto, Himeji na Kinosaki ndani ya siku chache, tazama pasi ya Kansai WIDE ya kampuni ya JR West, ya siku tano mfululizo, ambayo inafika hadi Kinosaki. Pasi hiyo ni ya wageni wa muda mfupi. Anayeishi Japani kwa visa ya masomo au kazi hairuhusiwi kwake.

Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24. Kwa sisi tunaohesabu saa tangu kuchomoza jua, ni bora uandike pembeni mapema: 12:30 ni saa sita na nusu mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Uchovu wa safari hufanya watu wazima wakosee hesabu hii.

Pesa

Kwa mtu mmoja, siku za kawaida, chumba chenye milo miwili katika nyumba ya wastani ni kama yeni 18,000 hadi 25,000. Kulala tu kunaweza kushuka hadi 10,000. Chakula kamili cha kaa hupita 30,000 bila kuona haya. Ongeza kodi ndogo ya kuoga ya yeni 150 kwa kila usiku. Kadi hupokelewa sehemu nyingi lakini si zote, basi toa pesa taslimu kwenye mashine za 7-Eleven au Posta kabla ya kuondoka mji mkubwa. Bakshishi haitolewi. Ukimwachia mhudumu pesa chumbani, anaweza kukukimbiza hadi stesheni akurudishie.

Siku ya kufika

Lenga kushuka stesheni kati ya saa sita na saa nane mchana. Chumba hakijafunguliwa bado, na ni vizuri. Peleka mzigo ryokan, wataupokea. Kisha panda gari la waya kwenye mlima Taishi. Katikati ya njia kuna hekalu la Onsenji, mlinzi wa chemchemi. Zamani mgeni alipaswa kufika hapo kwanza, asali, afundishwe adabu za kuoga na kupewa kata ya kutekea maji, ndipo ashuke mjini kuoga. Ukianzia huko unafuata njia ya zamani, na kutoka kileleni unauona mji wote ulivyobanwa kati ya vilima hadi mto Maruyama unapoelekea baharini.

Saa tisa rudi ryokan. Vua viatu mlangoni, usikanyage mikeka na ndala za ndani. Utaonyesha pasipoti, utapewa chai, kisha yukata: vazi jepesi la pamba lenye mkanda. Hapa zingatia. Upande wa kushoto unalala juu ya upande wa kulia, kwa mwanamume na mwanamke. Kinyume chake ndivyo wanavyovishwa maiti. Ukiwa mrefu, omba saizi kubwa bila aibu, wanazo. Mwanamke anayejisitiri anaweza kuvaa fulana ya mikono mirefu na suruali nyepesi ndani yake, na kilemba juu; hakuna atakayesema neno. Wakati wa baridi utapewa koti fupi la kuongezea.

Miguuni ni geta, ambazo kwetu ni mitalawanda, ila hizi zina kamba ya kupita katikati ya vidole. Za nyumba nyingi zimeandikwa jina la ryokan, na wapokeaji wa viatu kwenye mabafu huzitambua nyumba kwa mavazi ya wageni wake. Mwenye mguu mkubwa atembee na kandambili zake. Mdundo wa mbao barabarani usiku ni mtamu, malengelenge si matamu.

Oga bafu moja kabla ya chakula, mawili baada yake. Matatu kwa jioni yanatosha kabisa. Kuna vijana wanaokimbilia kumaliza yote saba kwa usiku mmoja na kuishia wamekaa kwenye benchi wamelegea, nyuso nyekundu, wakinyweshwa maji na wenzao.

Ndani ya bafu, hatua kwa hatua

Hapa ndipo woga ulipo, basi tulia tusogee polepole.

Mlangoni acha viatu, onyesha pasi. Tazama pazia: herufi 男 ni wanaume, 女 ni wanawake. Usitegemee rangi peke yake. Ndani kuna chumba cha makabati. Unavua kila kitu. Nguo za kuogelea haziruhusiwi, wala chupi. Unabaki na taulo dogo la mkononi, ambalo ryokan imekupa pamoja na taulo kubwa kwenye kikapu. Kubwa linabaki kabatini. Simu nayo inabaki kabatini, bila mjadala.

Unaingia sehemu ya kuogea. Kando ya ukuta kuna bomba za chini, stuli ndogo na beseni. Kaa kwenye stuli. Kuoga kwa kusimama kunarushia jirani povu, na hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi kwa wageni. Jisugue mwili mzima kwa sabuni. Ikiwa umejipaka mafuta ya nazi au losheni nzito, sugua mara mbili, maana mafuta yakielea juu ya maji kila mtu atajua yametoka kwa nani. Suuza povu lote, suuza na stuli kwa ajili ya anayekuja.

Nywele zisiguse maji ya bwawa. Mwenye misuko mirefu, rasta au nywele zilizoshonewa azikusanye juu na kuzifunga imara, au avae kofia ya kuogea. Taulo dogo nalo halitiwi majini. Likunje uliweke kichwani au ukingoni.

Sasa ingia, miguu kwanza, polepole. Maji yako kwenye nyuzi 42 hivi, na mwili wa mtu aliyezoea kuoga maji ya baridi utashtuka. Ni maji yenye chumvichumvi kidogo, yanayoacha joto mwilini muda mrefu baada ya kutoka. Kaa dakika tano. Toka, keti ukingoni, rudi tena kama unataka. Usizamishe kichwa, usiogelee, usiongee kwa sauti ya sokoni. Ukihisi kizunguzungu, toka taratibu ukiwa umeshika ukingo. Kunywa maji kabla na baada. Aliyelewa asiingie. Mwenye shinikizo la damu, maradhi ya moyo au mimba aulize daktari kabla ya safari, akipata ruhusa achague muda mfupi.

Kabla ya kurudi kwenye makabati jifute kwa taulo dogo, usilowanishe sakafu ya chumba cha kuvalia.

Je, watu watakukodolea macho? Mtu mweusi katika mji mdogo wa Japani ataangaliwa, kidogo, sekunde mbili tatu, kisha watageuka. Mzee anaweza kukuuliza unatoka wapi. Ukisema Tanzania utasikia "Kilimanjaro", kwa sababu ya kahawa. Ndani ya bafu kuangaliana ni utovu wa adabu kwa wote, na baada ya dakika tano utagundua hakuna mwenye habari na wewe.

Kuhusu tatoo, sehemu nyingi za Japani humkataa mwenye tatoo. Mabafu saba ya Kinosaki humruhusu. Hii ni sababu mojawapo ya kuuchagua mji huu, na inamhusu pia mwanamke aliyetoka harusini na hina na piko mikononi, ambaye kwingine angeweza kusimamishwa mlangoni kwa kudhaniwa amejichora. Piko iwe imekauka na kuoshwa tu.

Lipi uende, lipi uache

Kwa kuwa maji ni yaleyale, unachagua jengo na mandhari. Goshono-yu ndilo zuri kuliko yote kwa macho yangu: maporomoko ya maji nyuma yake, paa la mtindo wa kasri la Kyoto. Lina watu wengi, liendee mapema. Ichino-yu lina bafu ndani ya pango na uso wa jengo unaofanana na jumba la maonyesho ya kale. Kono-yu ni la mbali zaidi na stesheni, limetulia, na hadithi yake ni ya korongo aliyeonekana akiuguza mguu wake majini. Mandara-yu ndilo la yule mtawa Dochi. Yanagi-yu ni dogo, la mbao, lenye bwawa la kina. Wakiingia watu kumi limejaa. Jizo-yu hupendwa na wenyeji na familia, na ukikosa muda ndilo la kuliacha. Satono-yu liko kando ya stesheni, ila uliza kwanza kama liko wazi.

Mtu wa kwanza kuingia bafu linapofunguliwa, mwanamume wa kwanza na mwanamke wa kwanza, hupewa kibao cha ukumbusho. Mabafu mengine hufunguliwa saa moja asubuhi na mengine alasiri, na utawakuta wazee na watoto wamepanga foleni mapema.

Kwa asiyetaka kuvua nguo mbele za watu

Wapo wengi, kwa dini au kwa haya tu, na hawana haja ya kuukosa mji. Njia ya kwanza ni kashikiri niliyoitaja: unafunga mlango, unaoga peke yako au na mwenzi wako kwa dakika 40 au 50. Uliza *Kashikiri buro wa arimasu ka?* Nyumba ikiwa na bafu dogo la ndani la pamoja, saa za usiku mwingi mara nyingi utalikuta tupu, lakini hakuna dhamana. Chumba chenye bafu lake kibarazani kipo, na bei yake inauma. Cha bure kabisa ni mabwawa ya miguu, ashiyu, yaliyotawanyika mjini. Unakunja suruali, unakaa barabarani na wapita njia, na miguu inapata haki yake.

Asubuhi ya kuondoka

Chumba hukabidhiwa saa nne asubuhi. Amka mapema, nenda bafu lililofunguliwa saa moja, rudi kwenye kifungua kinywa. Acha mzigo mapokezi.

Ukiwa na saa tatu za ziada, usizimalizie kwenye maduka ya zawadi. Nenda Genbudo, kilomita chache kusini, kwenye mapango ya mwamba mweusi wa volkano uliopasuka kwa pembe sita kama masega. Mawe ya hapo yamejengea kingo za mto wa Kinosaki. Mwaka 1926 mwanasayansi Motonori Matuyama alipima sumaku ya mawe hayo na kuikuta imeelekea kinyume na ya leo, na kutoka hapo akaja kueleza kwamba ncha za sumaku za dunia zimewahi kupinduka. Stesheni ya Genbudo ni ya kwanza kusini, ila mapango yako ng'ambo ya mto Maruyama, na mashua ya kuvukia huagizwa kwa simu mapema. Waombe watu wa ryokan wapige usiku wa kuamkia, au chukua teksi kutoka Kinosaki. Baiskeli nayo inatosha siku isiyo na mvua, kwani barabara ni tambarare kando ya mto. Kwa vyovyote, kiti cha treni ya kurudi kiwe kimeshawekwa tangu siku uliyonunua cha kuja.